Mjusi Aliyenyamaza

Mbele yangu ndani ya basi, mama mmoja alipakata kasha la kioo lenye mjusi mkubwa wa madoa. "Alikuwa akiita kila jioni," alimwambia muuza wanyama aliyeketi kando yake. "Tangu tumzike mume wangu, yuko kimya. Anamwomboleza."

"Ana kiu, dada. Bakuli hilo la maji humo ndani halimsaidii. Hawa hulamba matone kwenye kioo. Humnyunyizii?"

"Marehemu ndiye aliyekuwa akinyunyiza. Miaka tisa nikimcheka: vyombo huoshi, kioo cha mjusi unaosha!"

Muuzaji hakucheka. Nami niligeukia dirisha, ingawa nje palikuwa na ukuta mtupu.

"Anamwomboleza," mama alirudia, safari hii kwa sauti ndogo.

Basi liliposimama kituo cha mwisho, mama hakushuka. Alikuwa amefungua chupa yake ya maji, akiyadondosha kiooni kwa vidole, tone moja moja.