Jina la Bi Mistari Lilikuwa Langu

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, marehemu mke wangu aliamka kabla yangu kama kawaida, tukaanika maharage uani juu ya turubai. Mimi nilimwaga debe langu, nikageuka niende kukaa. Akaniita.

"We mzee, hapo umeanika au umezika?"

Nikarudi. Alipiga magoti, akayasambaza kwa kiganja, pembe hadi pembe, mpaka yakalala sawasawa. Kisha akakaa palepale chini, akasema pumzi imekuwa fupi. Tukanywa chai. Hiyo ndiyo asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida.

Haya anayasoma mbele yenu waombolezaji binti yetu mkubwa, maana mimi na herufi hatujawahi kusalimiana. Nimesema, yeye ameandika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa tatu wa seremala na mkulima wa mboga. Alisoma hadi darasa la nne. Baba yake alipoanguka kutoka darini akavunjika nyonga, aliacha shule akalea wadogo zake. Barua zote zilizoingia nyumbani kwetu alizisoma yeye. Akiruka sehemu mbaya nilijua, maana alikohoa.

Mwaka 1974 aliajiriwa kwenye shamba kubwa la ngano, mimi nikiwa dereva wa mashine ya kuvunia. Mashine ile ilikata upana wa hatua saba, ikatema mabua nyuma. Yasiposambazwa yanalala katikati kama godoro. Msimu unaofuata mbegu haiufikii udongo vizuri, inaota njano, na pembeni ardhi inabaki uchi. Kazi yake ilikuwa kutembea nyuma ya mashine, vumbi lote likiwa lake. Aliweka kofia yake ya ukili chini mahali patatu, katikati na pembeni pande zote mbili, akaokota mabua yaliyolala chini yake konzi kwa konzi. Konzi za mahali pote patatu zikilingana, alininyanyulia kidole gumba. Zisipolingana, alinyanyua mkono mzima. Hapo nasimama, tunarekebisha visahani vya chuma vinavyozunguka nyuma na kutawanya mabua. Hakuna aliyeijua kazi hiyo kumshinda.

Tulioana tarehe 17 Desemba 1977. Siku niliyomwambia nataka kumuoa nilikuwa ndiyo kwanza nashuka kwenye mashine. Alinitazama juu hadi chini. "Kajitoe makapi masikioni kwanza, nisije nikakubali wewe usisikie."

Wengi hapa mlimwita Bi Mistari. Wengine hamjui jina lilikotoka. Mwaka 1989, siku ya mwisho ya mavuno, wingu limetanda, mkanda wa visahani ulikatika. Alinyanyua mkono. Nilimwona kwenye kioo. Sikusimama. Niliogopa mvua, nikavuna kipande chote kilichobaki, mabua yakilala mistari. Yeye alishika uma wa shambani akayatawanya peke yake nyuma yangu mpaka mvua ikamkuta huko.

Msimu uliofuata ngano iliota njano, kijani, njano, kijani, ikaonekana hadi barabarani. Msimamizi akauliza, "Aliyekuwa nyuma ni nani?" Hakuuliza aliyekuwa mbele. Nami nikanyamaza. Mke wangu akatolewa shambani, akashonishwa magunia misimu miwili, na jina likamganda.

Siku hiyo nyumbani aliniambia neno moja tu. "Uliniona." Nikasema ndiyo. Akanipakulia chakula. Hakulirudia tena miaka thelathini na mitano. Watu wakimwita Bi Mistari aliitikia "Abee," mimi nikatazama viatu vyangu.

Basi ijulikane leo. Mistari ile ilikuwa yangu. Atakayetaka kulitumia jina hilo, aniite mimi.

Moyo wake ulianza kuvimba mwaka 2021. Alimeza dawa, akaendelea kufagia, ukimkataza anakuuliza utafagia wewe. Jumatano tarehe 5 Machi tulimpeleka hospitali, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Alifariki Alhamisi tarehe 13, saa tisa mchana. Nilikuwa nimemshika mguu, maana mikono ilikuwa na mipira ya dawa.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano na mdogo wake fundi viatu. Kofia yake ipo msumarini nyuma ya mlango. Sijaigusa.

Alichoka. Mungu amlaze palipo sawa, asiwe na wa kumkimbiza.

Siku mbili kabla hajafa nilimuuliza kama anataka haya ya mistari yasemwe mbele ya watu. Alifumba macho, nikadhani kalala. Kisha akasema:

"Sema. Ila usirefushe, watu watakuwa wamesimama juani."