Lori la Kuvuta Tela la Tunguu

Barza ya Mkunazini, mwaka ule wa sabini na moja, ilikuwa na vitu viwili tu visivyopangiwa foleni: kahawa chungu ya Mcha na maneno. Sukari foleni, unga foleni, mchele ndo usiseme. Lakini maneno, alhamdulillahi, yalimwagwa bure tangu alfajiri, na wamwagaji ni wale wale. Bakar, aliyeitwa Injinia kwa kuwa aliwahi kupaka grisi meli moja, safari moja, mpaka Mombasa. Hamad Methali, aliyehifadhi methali zote za Waswahili asijue hata moja ni ya kazi gani. Duni, jina la barzani Redio, na watu walilitamka jina hilo wakicheka kwa mdomo tu, maana lolote lililosemwa mbele yake, ikifika jioni lilishasikika pasipotakiwa. Na pembeni, mgongo ukutani, Zahor, ambaye siku hizi alikuwa akiziba majiko ya mafuta ya taa, na zamani alikuwa na shamba la minazi Tunguu, na lori. Ya zamani hayo hakuna aliyeyataja.

Ijumaa moja asubuhi akatokea Pandu, mtu wa Tunguu, kanzu imefuliwa lakini miguu ina vumbi la njiani. Akatoa shikamoo moja ya kuwaenea wote, akamwambia Mcha ajaze vikombe, kwani barzani pale mwenye kutaka shauri ndiye mwenye kunywesha.

— Nna shida, wazee wangu. Sisi wa zile eka tatu tatu tulizogaiwa tumechanga. Tela tunalo, mihogo tunayo, inaozea shambani na huku mjini watu wanalala na njaa. Kilichobaki ni lori la dizeli la kulivuta hilo tela. Yadini kwa serikali yako mawili tunayoyaweza, yote makuukuu. Moja la kijani, lina rangi mpya. Jengine jekundu, limepauka, mlango mmoja halina. Wenzangu wanalitaka la kijani. Mie moyo unakataa, lakini sina hoja. Na yadi ikifungwa leo kwa sala ya Ijumaa, basi tena, Jumatatu yanakwenda kwa wengine. Nichukue lipi?

Aliuliza barza nzima, lakini macho yake yalikuwa kwa Zahor.

Zahor akainamia kikombe. Alijua kwa nini anaangaliwa. Pandu alikuwa mkwezi wa minazi yake, na lile jekundu lilikuwa lori lake yeye Zahor. Kwa mguu wake alikwenda nalo kwa mhunzi wa Malindi likatiwa chuma cha pili chini, kwenye uti wa gari, chesi juu ya chesi, ili livute magunia ya mbata. Ubovu wake ulikuwa wa sura tu. Na lile la kijani lilikuwa la shemeji yake, marehemu Hamoud. Injini yake ina ufa; ukilitia mzigo, likifika mpando wa Dunga linachemka mpaka linazima. Rangi mpya haizibi ufa. Neno moja tu, "jekundu", lingetosha, na mihogo ya watu ingefika sokoni.

Lakini neno lenyewe lilikuwa na bei. Hamoud, baada ya mambo ya sitini na nne, alipita karibu na lori lake lililokwishatwaliwa akawaambia waliokuwa nalo, "Hili langu hili, liangalieni maji." Basi. Kesho yake alichukuliwa. Aliporudi, baada ya miezi, hakusema tena la lori wala la kitu chochote mpaka alipokufa. Kusema unalijua gari ni kusema lilikuwa lako, na kusema lilikuwa lako ni kusema unalitaka. Zahor alikuwa na mke na mabinti wawili nyumbani. Tena, tusifichane, alikuwa na uchungu wake. Wamechukua shamba, wamechukua lori, sasa wanataka na akili! Waache wakwame huko huko.

— Chukua la kijani, alisema Injinia. Adui wa dizeli ni moto, na rangi ya kijani ni baridi. Ushaona wapi jani likachemka?

— La mchaichai, alisema Mcha. Kwangu linachemka kila siku.

— Weye mimina kahawa!

— Mie nimepita yadini juzi, alisema Methali. Lile jekundu waliliwasha, likazunguka yadi nzima. La kijani limetulia tuli, halitikisiki. Wahenga washasema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari linalojitembeza, hilo ndo bovu!

— Lakini mie nataka litembee, ami.

— Litatembea ukishalinunua.

Redio akajisogeza mbele, kama kawaida yake akiwa na habari.

— Mie nimesikia, na aliyeniambia simtaji, kuwa la kijani walilijaribu wale Wajarumani wanaojenga Michenzani. Wakalifunga mnyororo na mtambo wa zege, likauvuta mpaka Kilimani na kurudi.

— Mtambo mzima?

— Na mafundi juu yake.

Injinia hakukubali kushindwa.

— Si ajabu! Injini ile si ya gari, ni ya meli. Nimeijua kwa sauti.

— Si tumeambiwa haikuwashwa? aliuliza Pandu.

— Injini ya meli huijui kwa kuwaka, yakhe, unaijua kwa kunyamaza. Halafu ishapumzika miaka saba. Dizeli ni kama samli, ikikaa ndo inanoga. Siku mafuta hayapo, tieni ya nazi. Nazi si mnazo?

— Na rangi bado mbichi, alidakia Methali. Ngozi ivute ili maji! Litieni mzigo leo leo, kabla halijakauka.

Wakacheka. Pandu hakucheka. Alikishika kikombe chake kwa mikono miwili, na kahawa ilikuwa ishapoa.

— Msinifanyie mzaha, wazee wangu. Mihogo tunaibeba kichwani mpaka barabara kuu. Wiki ya juzi Mwatum, mke wangu, alianguka na tita zima kwenye mawe, mguu hajausimamia mpaka leo. Watu wametoa mpaka mikufu ya wake zao kwa lori hili. Tukikosea, hatuna la kurudia.

Zahor alimjua Mwatum. Siku ya harusi yao alipeleka mbuzi, akala pilau mkekani pamoja nao. Uchungu wake ukalegea, ikabaki hofu peke yake, na hofu haikulegea hata kidogo. Akasema moyoni kuzungushazungusha maneno huenda kukamfaa.

— Mie si mtu wa magari, alianza. Lakini kitu cha kuvuta tela, nadhani, mtu asiangalie rangi. Ainame, atazame chini. Chesi. Kama kuna moja lina chuma cha ziada...

Pandu akainua kichwa.

— Lipi hilo lenye chuma cha ziada, Sheikh Zahor? aliuliza Redio, kwa upole kabisa. Umeliona wapi?

— Sijaliona. Nasema tu kwa akili ya kawaida.

— Aaa. Nikadhani unalijua moja katika hayo.

— Mie? Siyajui.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame! alipiga kelele Methali. Ndo maana dereva wa lori anatakiwa awe mfupi!

Barza ikaangua kicheko, na chesi ikapotelea humo humo. Zahor akarudisha mgongo ukutani. Hakuthubutu kumtazama Pandu tena.

Hapo ndipo alipofika Makungu, mwenzake Pandu katika mchango ule, Mmakunduchi aliyeoa Tunguu mwaka juzi. Alikuja anahema.

— Pandu, watu wa yadi washashika funguo. Mmeamua nini?

— La kijani! walijibu Injinia na Methali kwa pamoja.

Makungu akajikuna shingo.

— Taib. Lakini mie, wazee wangu, naona kuna kitu hatujakifanya. Kwetu mtu akinunua ng'ombe wa gari, haangalii pembe. Anakwenda kwa aliyekuwa naye, anamuuliza huyu tabia yake vipi, anavuta au anagoma, ana maradhi gani. Malori haya yalikuwa ya nani? Twendeni tukamuulize mwenyewe.

Injinia alitazama ndani ya kikombe kama kimeanguka kitu. Methali, mara ya kwanza katika uhai wake, hakuwa na methali. Mcha aliyekuwa akigonganisha vikombe akaviacha. Redio peke yake hakuinamisha uso. Alikuwa akimtazama Zahor na kutabasamu, anangoja. Wote walijua. Hakuna hata mmoja pale asiyejua, isipokuwa Makungu.

— Mbona hamsemi? Makungu alishangaa kweli kweli. Mji mzima huu, hakuna anayejua?

Akawageukia mmoja mmoja, mpaka akamfikia yule mwenye mvi nyingi kuliko wote.

— Mzee wangu, weye huwajui wenyewe?

Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Zahor akawafikiria mabinti zake. Akamfikiria Hamoud, alivyokuwa akikaa kitandani kutwa anatazama mlango.

— Siwajui, mwanangu. Malori hayo hayakuwa ya mtu.

Redio akanywa kahawa yake mpaka machicha.

Pandu akasimama, akajikung'uta kanzu.

— Haya, Makungu. La kijani.

Akaaga barza nzima kwa neno moja, asimtazame Zahor, akatangulia kuondoka. Lakini Makungu alikuwa mtu aliyelelewa. Aliinama, akampa Zahor mikono yote miwili.

— Haidhuru, mzee wangu, usione vibaya. Najua ungalikuwa unawajua, ungalitwambia.

— Ningalikwambieni, alisema Zahor.

Makungu akamshukuru, akaenda mbio kumfuata mwenzake, yadi isije ikafungwa.