Penko Gaidarov na Kichwa Kilichosema Hapana

Penko Zaprianov Gaidarov alizaliwa tarehe 14 Februari 1948 hapa Gorna Drenka, karibu na mji wa Sevlievo, akiwa mtoto wa kwanza wa Zaprian na Mita Gaidarov. Siku hiyo wanaume wote walikuwa mizabibuni, wakipogoa matawi na kuyamwagia divai kama ilivyo desturi, na si divai yote iliyofika kwenye matawi. Baba alipoletewa habari alipanda kilima kwa kona nyingi. Mama alizoea kusema kwamba Penko alijifunza kukimbia moja kwa moja ili asifanane na baba yake siku ile. Mimi Vasilka, dada yake ninayesoma maneno haya, nilizaliwa miaka minne baadaye, na maisha yangu yote nimekuwa nikikimbia nyuma yake nikimwita anisubiri.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na sekondari Sevlievo, ambako alimaliza mwaka 1966. Hakupenda kuamka mapema, na basi la asubuhi halikumngojea mtu. Dereva wetu, marehemu Mitko, alipomwona kwenye kioo akikatiza mashamba ya mahindi aliongeza mwendo kwa makusudi.

"Leo nilidhani hunipati, Penko," alimwambia kila alipopandia kituo cha pili.

"Nimekupata, mjomba. Basi lako ndilo linalohema."

Kwa njia hiyo alifika chuo cha michezo katika mji mkuu, Sofia, na kutoka huko timu ya taifa, mbio za mita 1500.

Hapa lazima niwaeleze jambo wageni wetu waliotoka Hungaria, maana wenyeji mnalijua tangu utotoni. Kwetu, kichwa kikienda huku na huku, tumesema ndiyo. Kikiinuka na kuinama, tumesema hapana. Ni nyinyi mnaofanya kinyume, lakini leo ni siku ya msiba, hatutabishana.

Mwezi Juni 1971 Penko alikwenda Linz, Austria, kwenye ubingwa wa nchi za Mto Danube. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia alikuwa wa nne, nyuma ya Mhungaria mmoja mrefu aitwaye Lorinc Bakos. Kwenye kona ya mwisho Penko alitaka kumpita, miguu yake mwenyewe ikagongana, akapepesuka, akajiuma ulimi vibaya sana. Hakuanguka. Lorinc alimaliza wa tatu, Penko wa nne, damu ikimtoka mdomoni. Mwamuzi alimjia mbio. Akamwonyesha Lorinc kwa kidole, kisha akasukuma hewa kwa mikono miwili: huyu amekusukuma?

Kaka yangu hakuwa mwongo. Kwa kuwa ulimi ulikuwa umejaa mdomoni, alijibu kwa kichwa, akasema hapana. Mwamuzi akauliza tena. Penko akaogopa kwamba hakueleweka, akasema hapana kwa nguvu zaidi, kichwa juu na chini, juu na chini, mpaka jasho likaruka. Lorinc alikuwa amesimama pale pale akiona kila kitu. Akafutwa kwenye matokeo, na Penko akapewa medali ya shaba.

Alipoelewa kilichotokea alimfuata kocha wake, akijitahidi kuongea. "Si yangu. Haki ya Mungu, si yangu."

"Iko shingoni mwa nani?" kocha alimuuliza. "Basi ni yako. Funga mdomo, unachafua sare."

Jioni alimkuta Lorinc akipanda basi la timu yao. Akaivua medali, akamnyooshea. Lorinc akaitazama, akajigusa kifua, kama mtu anayeuliza: yangu? Na Penko, kwa moyo wake wote, akatikisa kichwa huku na huku. Lorinc alidhani anadhihakiwa. Akatema mate chini, akapanda basi, na mlango ukafungwa.

Penko alirudi nyumbani na medali ambayo hakuwahi kuitundika. Aliiweka jikoni, ndani ya mtungi wa maharage. Aliapa kwamba jambo kama lile halitamtokea tena, akawa anasimama mbele ya kioo akijifunza kichwa cha kigeni. Matokeo yake ni kwamba alipoteza vyote viwili, na kwa miaka kadhaa hakuna mtu aliyejua anakubali au anakataa.

Tarehe 8 Septemba 1973 alifunga ndoa na Rada Tsoneva, fundi cherehani wa Sevlievo. Msajili alipomuuliza kama anakubali, Penko, kwa woga, aliinua kichwa na kukiinamisha. Msajili akaweka kalamu chini. Mama mkwe, ambaye tangu mwanzo alimwona mkimbiaji huyu kuwa ni mwembamba mno, akaanza kutafuta mkoba wake.

"Penko," Rada alisema, "hicho kichwa ni cha nchi gani?"

"Samahani. Cha Austria."

Rada akakishika kichwa chake kwa mikono miwili, mbele ya watu wote, akakipeleka kulia, akakipeleka kushoto. "Andika, bwana msajili," akasema. "Mtu amekubali." Waliishi pamoja miaka hamsini, na sijaona nyumba iliyocheka kama ile.

Alifundisha michezo katika sekondari ya Sevlievo kuanzia mwaka 1975 hadi alipostaafu mwaka 2011. Wengi mlioko hapa mlikuwa wanafunzi wake, na mnakumbuka mlivyokuwa mkimuuliza, "Mwalimu, tumemaliza?" kisha mkichagua wenyewe maana ya kichwa chake na kukimbilia nyumbani. Alijua. Alitaka tu mkimbie, kuelekea popote.

Lakini mtungi ule ulimsumbua. Kila Rada alipopika maharage, medali ilitoka nayo, na siku hiyo Penko hakula vizuri. Mwaka 1996 Rada alichoka kupikia mtu mwenye huzuni, akakata tiketi mbili za basi mpaka Szeged, ambako Lorinc alikuwa fundi wa baiskeli. Lorinc alifungua mlango, akamtambua, hakumkaribisha. Bahati ilikuwa mkwe wake Ilka, ambaye babu yake alitoka kwetu akaenda kulima mboga kule. Yeye ndiye aliyetafsiri.

"Muulize kwa nini alinisingizia."

"Sikukusingizia. Nilisema hapana."

"Nilikuwa hapo hapo! Alikubali mpaka nikadhani shingo itamkatika."

Ilka akataka kutafsiri, akashindwa. Akakaa chini kwenye kizingiti akacheka mpaka akalia, kisha akawaonyesha wote wawili jinsi babu yake alivyokuwa akikataa supu. Lorinc akafungua mlango wote, akawapisha waingie. Halafu akaenda kuleta chupa.

Penko alimpa medali mezani. Lorinc akairudisha. "Sitaki nipewe," alisema. "Mkimbiaji hapewi. Tumalizie mbio zetu. Safari hii atakayefika kaburini wa mwisho ndiye mwenye medali. Wa kwanza kufika ameshindwa." Wakapeana mikono. Tangu siku hiyo walitembeleana kila kiangazi, na kila mmoja alimkagua mwenzake rangi ya uso kabla ya kumsalimia.

Mwezi Machi mwaka huu Penko aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu. Alitibiwa Gabrovo, akaomba kurudi nyumbani. Asubuhi ya tarehe 9 Oktoba 2023 tulikuwa uani tukichoma pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi. Alitaka dirisha lifunguliwe apate harufu. Nilimuuliza kama anaumwa, akainua kichwa, akakiinamisha. Nikaogopa, sikujua amejibu kwa lugha gani. Rada alijua. "Haumwi," akasema, na kweli uso wake ulikuwa umetulia.

"Mpigieni Lorinc," Penko alituambia. "Mwambieni nimemwacha. Mwambieni nimeshindwa." Alicheka kidogo, na muda si mrefu alikuwa ameondoka. Nimelia sana, sitawaficha, lakini nililia huku nikicheka, na yeye ndiye wa kulaumiwa.

Ameacha mjane wake Rada, binti yake Zlatina, mwanawe Zaprian, wajukuu watatu, mimi dada yake, na mpinzani mmoja, Mzee Lorinc Bakos, aliyesafiri kutoka Szeged na fimbo yake na amesimama pale karibu na Rada. Mtungi wa maharage uko mikononi mwa Rada, na medali bado imo ndani. Jana jioni nilimuuliza mzee huyu, bila mkalimani, kama yuko tayari sasa kupokea kilicho chake. Machozi yalimtoka. Akatikisa kichwa huku na huku, taratibu, kama mtu aliyezaliwa Gorna Drenka.

Umefika, kaka. Hema taratibu sasa, na upumzike kwa amani.