Jina la Shangazi Mbele ya Jeneza

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na sisi tunaomsifu huku tumeuma meno. Sikusimama hapa kwa furaha. Nimesimama kwa sababu Mungu alinitendea jambo, na kunyamaza nimeshindwa.

Mnanijua. Mimi ndiye mnayeniita Papa Écrivain, yaani Baba Mwandishi, kwa kunicheka kidogo. Nilisafiri na hadithi zangu hadi Kinshasa, nikazipeleka hadi Goma, hakuna aliyezichapa, nikarudi Kisangani na hadithi zilezile mkobani. Kinacholisha nyumba yangu ni wafu wenu. Mtu akifa, mnakuja niandike historia ya maisha yake, ile inayosomwa mbele ya jeneza kabla ya kwenda makaburini. Walevi nimewaandika kuwa watu wa amani. Baba waliotupa watoto nimewaandika kuwa nguzo za familia. Ninyi mkaitikia Amina, mimi nikala.

Kisha ikafika zamu ya mtoto wangu, Dieumerci.

Alikuwa amekwenda Isangi kwa likizo, kwa dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya Eugénie, mjane asiye na mtoto, anayeuza samaki. Malaria ikamshika. Dada akamnywesha majani, akingoja homa ishuke, na homa haikushuka. Niliposhuka mto kwa baleinière, ile mashua kubwa ya mbao, nilidhani naenda kumchukua nimlete hospitali. Nilimkuta amefunikwa shuka. Tukapanda mto kurudi, mimi, dada na maiti. Njia nzima dada alisema neno moja tu:

“Nilizania ni homa tu. Nilizania majani itatosha.”

Ndugu zangu, nilimchukia dada yangu! Sikujua kwamba chuki ya namna ile inaweza kukaa ndani ya mtu anayesali.

Tulipofika, maneno yalikuwa yametutangulia. Mwanamke mzee, mjane, tasa, na mtoto amefia mikononi mwake: hesabu hiyo mnaijua ninyi mnavyoipiga, na jibu lake ni mchawi. Pale matangani hakuna aliyekula chakula alichokigusa. Kaka wa mke wangu, yaani noko, ambaye kwa desturi yetu ana sauti kubwa juu ya mtoto wa dada yake, akanivuta kando.

“Semeki,” akaniambia, yaani shemeji, “andika tu neno moja: mutoto hakufa kifo ya Mungu. Ingine yote, achia vijana.”

Hakulitaja jina. Hakuwa na haja. Neno hilo likisomwa mbele ya jeneza, vijana hawangoji kaburi lifukiwe. Petroli ya kumchoma walikuwa wameshainunua.

Niliingia chumbani, nikaliandika. Ndiyo, niliandika. Lakini kila kazi yangu huwa naisoma kwa sauti kabla ya kuitoa, ndiyo desturi yangu, na nilipofika kwenye neno lile nikaliruka. Nikaanza tena, nikaliruka tena. Nikapiga magoti, nikamwuliza Mungu kwa nini amemchukua mtoto wangu na kumwacha yule. Hakunijibu, na mpaka leo hajanijibu. Ila nilipoinuka nilijua kwamba uongo wote niliowahi kuuandika ulikuwa wa kuwapamba wafu, na huu ulikuwa wa kuua mtu aliye hai. Nikaukata.

Nilisimama mbele ya jeneza nikasoma: “Dieumerci ameuawa na malaria.” Watu wakaguna. Mwishoni, pale tunapotaja walioachwa, nikasoma: “Amemwacha baba yake, mama yake, na shangazi yake Eugénie, aliyemwuguza hadi mwisho, na ambaye tangu leo analala nyumbani mwangu.” Baba wa marehemu akishasema hivyo mbele ya maiti, atakayemgusa mtu huyo amemgusa yeye. Vijana wakatazamana, wakaondoka mmoja mmoja.

Huo ndio ukombozi wangu, ndugu zangu. Msidhani ulikuja na vigelegele. Mke wangu alivuka mto kwenda Lubunga kwa kaka yake, na harudi. Yule ninayempenda ameondoka, na yule niliyemchukia ndiye anayenipikia. Kuna asubuhi namsikia akikohoa uani na chuki inaamka kabla yangu. Lakini Mungu aliuzuia mkono wangu usimwage damu, na kwa hilo namshukuru, kwa uchungu wangu wote namshukuru!

Sasa nawaalika, kama ilivyo desturi ya ushuhuda. Mmeitikia Amina tangu nilipoanza, na baadhi ya sauti hizo nilizisikia siku ile nyuma ya nyumba, karibu na petroli. Dada yangu yumo humu. Ameketi pale nyuma, na benchi zima ni lake peke yake, kila Jumapili. Anayemwamini Mungu aliyenikomboa asininyoshee mkono juu. Ainuke, aende akaketi naye. Mimi sishuki hapa mbele mpaka nione nani anainuka.