Friji Iliyojaa Makufuli ya Merv

Basi turudi kwa Merv, maana jana nikiandika nilikatizwa palepale pazuri. Merv Pascoe anatuacha Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, baada ya miaka thelathini na moja hapa kituo cha kompyuta cha mji wa Wollongong. Mimi Shirl wa chumba cha chai ndiye niliyeambiwa niandike maneno ya kumuaga, eti kwa kuwa najua mambo ya watu. Kweli nayajua.

Kazi yake kubwa ni ile programu ya kufuatilia moto wa msituni. Kompyuta yetu ina vichwa vingi vya kufikiri, vyote vinachora ramani moja ya moto kwa wakati mmoja, na viwili vikigusa pamoja pahali pamoja, ramani inaharibika. Merv akatia kila kipande cha ramani kufuli la programu: kichwa kimoja kikiingia, vingine vinangoja nje. Kumbe kila kufuli linakula memori! Makufuli yakajaa, ramani ikakosa pa kukaa, kompyuta ikagoma. Lorraine, bosi wetu, akasema kiangazi, msimu wa moto, ndicho hicho kinaingia. Programu isipokaa sawa kufikia Ijumaa ya wiki ile, anaitupa. Merv alikonda.

Wiki hiyohiyo mtu akamlia pai yake kwenye friji ya chumba cha chai. Merv akaleta visanduku vya chuma, kila kimoja na kufuli lake: cha siagi, cha jibini, cha nyanya. Nyanya moja, jamani. Lorraine akaja na sandwichi yake, akafungua friji.

"Merv wangu, hii friji ya chakula au duka la makufuli?"

"Kila kitu kiko salama, bosi."

"Kitu gani? Hapa hata yai halipati pa kulala."

Merv akaikodolea macho ile friji, mlango wazi, mpaka maziwa yakaanza kutoka jasho. Halafu akatimua mbio na nyanya yake mkononi.

Kwenye programu akabakiza makufuli machache, kila moja linalinda eneo zima la ramani. Vichwa vikapangwa foleni, kila kimoja kinatazama kilicho mbele yake tu, kama sisi tukinunua soseji za kuchoma barabarani Jumamosi. Ijumaa ramani ikaingia yote, na nafasi ikabaki. Kiangazi kile wazima moto walijua mapema moto unaelekea wapi, shemeji yangu akiwemo. Yuko hai, bado ananisumbua mpaka leo, na wa kulaumiwa ni Merv.

Friji nayo akaiachia kufuli moja tu, la mlangoni.

Asante, Merv. Nenda kavue samaki wako, ule pai yako bila mlinzi, na Mungu akupe...

Ngojeni, Lorraine ananiita. Keki ya kumuaga iko ndani ya friji, na ufunguo wa mlango Merv kaenda nao nyumbani.