Kabula wa Nkololo na Mpira Uliotikisika

Ndugu waombolezaji, asanteni kwa kuja. Maneno haya ni yangu mimi Sayi, mume wa marehemu. Sikusoma. Nimeyasema, na binti yetu Lucy ameyaandika. Yeye ndiye anayewasomea.

Marehemu Kabula Masunga, Mama Josia, alizaliwa Mwandoya, Meatu, mwaka 1952. Baba yake, Mzee Masunga, alihamia Nkololo na ng'ombe zake mwaka 1965, kutafuta malisho. Marehemu alikuja akitembea nyuma ya ndama.

Alisoma Mwandoya hadi darasa la nne. Walipohama, shule ikaishia hapo. Kwa hiyo nyumbani kwetu barua zote alisoma yeye, na majibu alitunga yeye. Mimi nilikuwa naulizwa tu kama nimekubali.

Alikuwa mkulima wa pamba, mtama na viazi. Pamba yake hakuimwagia maji wala kuitia mchanga ili iwe nzito. Viazi alivikausha vikawa michembe, na wengi wenu hapa mmeitafuna.

Tulioana tarehe 8 Agosti 1971. Ilianza hivi. Kaka zake walikuwa hawapo siku hiyo, akachunga yeye. Ng'ombe wakamponyoka, wakaingia kwenye mtama wangu. Mimi nilikuwa nyumbani, sijui lolote. Nikaona binti anakuja na fimbo yake. Akanisalimu, mwangaluka, akasema ng'ombe za Masunga zimekula mtama wako upande wa mtoni, njoo uone.

Nikamwambia, "Ungenyamaza ningesema ni za Maige."

Akasema, "Ndiyo maana nimekuja. Maige angepigwa bure."

Mzee Maige, jirani yetu, yuko hapa, najua anacheka. Mavuno yalipokwisha nilimtuma mshenga kwa Mzee Masunga.

Hivyo ndivyo alivyowalea watoto wote wa nyumba hii. Ng'ombe zako zikiingia shamba la mtu, unakwenda mwenyewe, kabla hajaona kwato. Mtoto aliyengoja aulizwe, huyo alilala na njaa.

Mjukuu wetu Kwandu alilelewa na marehemu tangu ana miaka miwili, mama yake alipofariki. Alichunga hapa hapa. Wao wawili walitaniana sana. Marehemu alimwita mke mwenzangu, na walipogombana, mimi ndiye niliyeambiwa nichague. Mwaka 2014 Kwandu akaenda Arusha kwa baba yake, Josia, ambaye kazi yake ni kukata majani kwenye uwanja wa gofu. Huko ndiko alikojifunza mchezo huo. Tangu mwaka 2023 anacheza kama kazi.

Siku moja alimletea bibi yake mpira wa gofu. Marehemu aliugeuza, akaubonyeza, akaupeleka kwenye kiota ili kuku asihamishe mahali pa kutaga. Kuku aliulalia mwezi mzima. Kwandu alipouliza zawadi iko wapi, akaambiwa, "Usiulize. Kesho kutwa unaanguliwa."

Mchezo wenyewe ulimsumbua marehemu. Aliambiwa anayepiga mara chache ndiye anayeshinda. Akasema, "Mchezo gani huu, mwenye kidogo ndiye tajiri?" Lakini akauelewa. Kwandu alipokuwa anacheza mbali, Lucy alishika simu na kusoma namba zinavyokuja, na marehemu hakuweza kukaa. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Hakula. Ukimwekea ugali, unapoa mbele yake. Alisema, "Tumemwachia mtoto mmoja mzigo wa watu wengi." Maana kila mtu alikuwa anamtazama Kwandu. Wafadhili, magazeti, watu asiowajua. Kwandu alipiga simu usiku akisema mikono inatetemeka. Marehemu alimwambia, "Tafuna michembe, mke mwenzangu. Meno yakiwa na kazi, mikono inatulia."

Sasa nasema habari ya ugonjwa, na naomba msikilize vizuri, maana hapa msibani kuna maneno.

Tarehe 3 Juni mwaka huu, 2025, asubuhi, sufuria ilimponyoka mkono wa kushoto. Hakuweza kuiokota. Tulimpeleka hospitali Bariadi. Presha ilikuwa juu sana, na daktari alisema ni kiharusi kidogo, na kwamba kingine kinaweza kuja wakati wowote, kikubwa. Dawa alimeza zote. Tulirudi nyumbani tukiwa na hofu, na hofu hiyo haikutoka tena. Akikohoa usiku, naamka. Akinyamaza, naamka pia.

Alitukataza kumwambia Kwandu. "Ana mashindano mpaka Septemba. Akijua, atapiga mpira huku ananiangalia mimi."

Lucy akamwambia mama yake, "Mayu, akija kujua atatulaumu."

Akamjibu, "Awalaumu. Nyinyi mko wengi."

Jumapili tarehe 17 Agosti Kwandu alikuwa anamaliza mashindano Nairobi. Mshindi mmoja tu ndiye angepata nafasi ya kwenda kucheza Afrika Kusini mwaka mzima. Alikuwa wa kwanza, sawa na mwenzake mmoja, yamebaki mashimo mawili. Mpira wake ulikuwa kwenye majani. Akatoa jani kavu lililokuwa limeugusa. Mpira ukatikisika, ukasogea.

Kwenye gofu hakuna refa anayemfuata kila mchezaji. Ukikosea, unajisema. Kwa kosa hilo unaongezewa pigo moja na mpira unaurudisha ulipokuwa. Salvatory, mzee anayembebea mfuko, alimwambia, "Mwanangu, mimi sijaona kitu. Piga."

Kwandu akasema, "Mimi nimeona." Akawaita wenzake, akajisema. Akashindwa kwa pigo hilo hilo moja.

Mnajua yaliyofuata. Simu zilijaa matusi. Rudi ukachunge. Umeiangusha nchi kwa sababu ya jani. Mfadhili mmoja alimuuliza, nani alikuona? Na siku kumi na mbili baadaye, Ijumaa tarehe 29 Agosti, saa kumi na moja alfajiri, kiharusi cha pili kilimchukua marehemu hapa nyumbani, nikiwa nimemshika.

Tangu Ijumaa nimesikia yanayosemwa huko jikoni. Kwamba jani ndilo lililomuua bibi yake. Kwamba aibu ilimpandisha presha. Kwandu naye ameyasikia. Amefika juzi, hajala, na amemwambia baba yake hatashika tena fimbo ya gofu.

Mimi nilikuwepo. Jioni ile ya Jumapili Kwandu alipiga simu akilia, na Lucy akaweka sauti kubwa. Marehemu aliuliza, "Ulisogea kiasi gani?"

"Kama mbegu ya pamba, bibi."

"Nani aliona?"

"Hakuna."

"Ukasema?"

"Nikasema."

Marehemu akauliza, "Umekula?"

"Sijala."

"Kula, mke mwenzangu. Na mimi nakula."

Simu ilipokatika akaomba ugali na mlenda. Alikula mpaka akasafisha sahani, siku ya mashindano, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akaniambia, "Sayi, umesikia? Amekwenda kabla ya kwato." Usiku ule alilala, na mimi nikalala.

Basi sufuria ilianguka Juni, na mpira ulisogea Agosti. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia nyumbani, sisi tukaufunga mlango asiusikie Kwandu. Lile jani halikumuua Mama Josia. Lilimpa usingizi.

Lipo jambo la mwisho. Kwandu ana mashindano mengine Alhamisi hii. Mzee Maige na wazee wengine wamesema mjukuu aliyelelewa na marehemu haondoki kabla matanga hayajaanuliwa. Nawaheshimu, na ndiyo desturi yetu. Lakini wiki iliyopita marehemu aliniambia, akifa kabla ya Alhamisi, Kwandu asizuiwe. Nilimwambia asiseme hivyo. Akasema, "Wewe sikiliza tu." Nimesikiliza. Wazee, nawaomba. Nitamkalia matanga mimi, siku zake na zangu.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, Josia, Lucy na Marcelo, wajukuu kumi na mmoja, na kuku ambaye mpaka leo asubuhi alikuwa ameulalia ule mpira.

Mama Josia, umechunga vya kutosha. Pumzika kwa amani. Mke mwenzako tunamlisha leo.