Wilibrodi Qamara na Vitanda vya Akina Mama

Wasikilizaji wapendwa, tumshukuru Mungu kwa jioni hii, hata kwa habari yake ya huzuni. Wilibrodi Qamara, mtakwimu wa afya, alizikwa juzi nyumbani kwake Karatu. Kazi yake ilikuwa kupima hospitali kwa hesabu: inatumia fedha kiasi gani, na wananchi wanapata huduma gani.

Alikuwa mtoto wa wakulima wa ngano. Hesabu alizipenda ukubwani, katika madarasa ya jioni, akiwa tayari na mke na watoto. Mjane wake, Mama Evarista, anacheka akikumbuka. "Alikuwa anapika hesabu na ugali kwa moto mmoja. Ugali ndio ulioungua."

Kiangazi cha mwaka 1983 alitumwa na wakubwa wake kulinganisha hospitali za wilaya. Akaunda kanuni ya takwimu ya kuzipanga kwa gharama na huduma. Hospitali moja ya huku milimani ikawa ya mwisho, ghali kuliko zote. Sababu ilikuwa wodi ya wazazi: akina mama waliokwisha kupata nafuu waliendelea kulala pale. Pendekezo likaandikwa. Nusu ya vitanda vya wodi hiyo viondolewe.

Kabla ya kutia sahihi, Wilibrodi alisali, kisha akaenda kuiona wodi. Akamkuta Naipanoi, mama kijana wa Olbalbal, kwa wafugaji wanaohamahama, mzima kabisa, ananyonyesha. Akamuuliza mbona harudi nyumbani.

"Nyumbani wapi, baba? Ng'ombe wamefuata maji, na watu wamefuata ng'ombe. Nikirudi bomani nitamkuta nani, fisi?"

Wodi nzima ikacheka. Wilibrodi naye alicheka, lakini alikuwa ameelewa. Kwa mkulima, nyumba haihami. Kanuni yake ilichukulia kwamba mgonjwa akipona, ndugu watamfuata kesho yake. Ndugu wa Naipanoi wangekuja mvua ikinyesha.

Akairudia kazi yote, akaingiza umbali na kiangazi. Hospitali ile ikapanda hadi katikati. Hakuipandisha zaidi, ingawa wauguzi walimbembeleza. Wakubwa walipomuuliza kama sasa gharama ni nafuu, alijibu, "Bado ni ghali. Ila sasa tunajua tunalipia nini."

Vitanda vikabaki, wasikilizaji wapendwa. Vyote.

Mama Evarista, watoto, na ukoo wote wa Qamara, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki, kabla ya kulala leo, kila mmoja amkumbuke katika sala mtu anayemwona mzigo. Je, umewahi kumuuliza nani anamngoja nyumbani?